Hatuna Shida

Ukitaka kumuudhi Mpishi, mwambie moto ni moto tu. Atakukalisha kitako, atavua kofia yake iliyoungua ukingo, na atakusomesha mpaka ujute kuzaliwa na masikio. Moto wa jikoni kwako, atasema, ukizimika unaomba kaa kwa jirani. Moto wa tanuri la kioo ukizimika hakuna wa kukuazima. Kioo kilichoyeyuka, ambacho wao kiwandani walikiita uji, hupoa humo humo ndani, kikaganda, kikayapasua matofali yaliyokibeba. Ukija kuwasha tena, unawasha kaburi. Ndiyo maana tanuri la kiwanda cha chupa halikuwahi kulala tangu enzi za baba yake. Sikukuu watu walipumzika, misibani watu walilia, lakini palikuwa daima na mmoja wao aliyekaa na moto.

Yeye ndiye aliyekaa nao zaidi ya wote, na jina la Mpishi alilipata hapo. Si kwamba alijua kupika. Chai tu ilimshinda, aliichemsha mpaka ikawa dawa. Lakini uji wa tanuri aliujua kwa rangi yake, akichungulia kwenye tundu na kipande cha kioo cheusi jichoni, na akisema bado, hata Meneja alisubiri.

Kisha serikali ikapata wazo. Serikali ikipata wazo, wewe uliye mbali funga mkanda. Wataalamu walikaa, wakanywa chai, wakagundua kwamba fedha zikitawanywa kila mahali hazioti popote, bora zimwagwe mahali pamoja penye rutuba. Mahali penyewe ni bandarini, ambako barabara ni za lami na wawekezaji hawachafui viatu. Wakapaita Ukanda Mpya wa Viwanda. Ruzuku ya mafuta mazito, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiyalisha matanuri ya mikoa ya ndani, ikahamishiwa huko. Mikoa ya ndani ikaambiwa ivute subira, maana matunda ya Ukanda yatateremka yenyewe mpaka kwao. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe waliitengeneza wao.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na kiwanda kingine cha chupa, kilichojengwa pamoja na hiki kama mapacha. Hicho kilizimika ruzuku ilipoondoka tu. Popo wakahamia, majani yakaota hadi kwenye madirisha. Watu wa upande huu waliwacheka wenzao kila walipokutana nao sokoni, wakiwauliza kama popo wanalipa kodi. Wao wenyewe walikubali nusu mshahara, kisha robo. Wakachoma magogo, matairi na maranda, kwa kuwa tanuri lao lilijengwa zamani za kuni, na mdomo wa kuni ulikuwa bado upo ubavuni. Katika mistari minne ya kutengenezea chupa ukabaki mmoja, nao ulifanya kazi kwa kubembelezwa. Lakini moto uliwaka, na Mpishi alitembea mjini kifua mbele.

Ikaja siku redio ikatangaza Mpango wa Kuinua Mikoa Iliyobaki Nyuma. Serikali imetambua, ilisema sauti ya redioni, kwamba maendeleo lazima yawafikie wote. Katika kila mkoa kitateuliwa kiwanda kimoja, kipewe mafuta, matofali mapya ya tanuri na barabara ya kupitisha malori. Mkaguzi atakuja kuangalia kwa macho yake. Watu walipigana mabega kwa furaha. Mama mmoja wa kitengo cha kuosha chupa alikaa chini akalia.

Meneja, ambaye alikuwa amebakiwa na tai moja na aliivaa kila siku, aliwakusanya wote chini ya kengele ya kiwanda.

"Jamani," alisema, "mgeni huonyeshwa sebule. Haonyeshwi uvungu."

Wakacheka, wakakubali. Siku hiyo mistari yote minne itafanya kazi. Ukuta wa mbele utapakwa chokaa. Sare zitafuliwa na vitundu kuzibwa. Aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mpishi. Tatizo lilikuwa moja tu, na yeye ndiye aliyelijua: mistari minne inataka uji mwingi na moto mkali, na mafuta yaliyobaki hayakufika hata nusu ya kazi hiyo. Kuni mbichi zingetoa moshi tu. Zilihitajika mbao ngumu, zilizokauka kwa miaka. Na mji mzima ulijua mbao za namna hiyo ziko wapi.

Zilikuwa za mdogo wake. Huyo walimwita Msumari kwa wembamba wake, na alikuwa mpakiaji katika kiwanda hicho hicho. Mpishi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha alipoweza, akamwozesha. Mpishi mwenyewe alikuwa amefiwa na mke kabla hawajajaliwa mtoto, na sasa walipanga ua mmoja, yeye chumba kimoja, Msumari na mkewe na binti yao vyumba viwili. Nyuma ya soko Msumari alikuwa na kiwanja, na juu ya kiwanja kuta za nyumba zilizofika kwenye linta. Mbao za paa alizinunua mojamoja, miaka nenda miaka rudi, kila alipopata chochote, akazipanga chini ya turubai. Katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha Mpishi, chenye dirisha linalotazama kiwandani. Binti aliiita nyumba yetu ya kesho.

Mpishi aliingia kwao jioni, akakaa kwenye kigoda, akaizungusha kofia mikononi.

"Msumari," alisema. "Zile mbao."

"Mbao zipi, Kaka?"

"Kwani una mbao ngapi wewe?"

Shemeji yake, mke wa Msumari, alikuwa akikunja nguo kitandani. Akaacha kukunja.

"Mgeni anakuja," Mpishi aliendelea. "Mafuta hayatoshi. Nikizipata hizo, mistari minne itaimba siku nzima. Serikali ikileta mafuta, mimi mwenyewe nitawaezekea. Kwa mikono yangu hii."

"Shemeji," alisema mke wa Msumari, "mikono yako sina ugomvi nayo. Hiyo serikali ndiyo nataka kuiuliza. Imeshatuezekea mara ngapi?"

"Safari hii ni kweli. Wametangaza."

"Hata mvua hutangazwa."

Msumari hakucheka. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani ulikuwa umemtoka usoni. "Kaka, kwa nini tuwashe minne na tunao mmoja? Si tumwonyeshe huo mmoja, tumwambie hali yetu ndiyo hii? Mtu haendi hospitali amejipaka poda."

"Ukienda umelegea sana wanakupitisha moja kwa moja mochwari. Nani atatia fedha kwenye maiti? Waangalie wa ng'ambo. Nani anawataka na popo wao?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Methali zako zipeleke shuleni."

Nje binti alikuwa akiruka kamba na kuhesabu kwa sauti, akikosea na kuanza upya.

"Na ile kazi ya Ukandani?" Shemeji alimuuliza mumewe, kana kwamba Mpishi hayupo. "Rafiki yako anasubiri jibu. Ulisema nyumba kwanza. Sasa nyumba inaingia tanurini, tumwambieje?"

"Mwambie asubiri kidogo," alisema Msumari.

Ndipo Mpishi alipotoa silaha yake ya mwisho, ile aliyokuwa nayo siku zote na hakuwahi kuitumia. "Mdogo wangu, mimi nimekulea. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Msumari aliitazama sakafu. Kisha akasema, "Chukua, Kaka," na Shemeji akatoka nje akaziacha nguo zimekunjwa nusu.

Mbao zilipita mjini kwa mkokoteni. Binti alitembea nyuma yake akimuuliza Baba Mkubwa ni ubao upi ungekaa juu ya kitanda chake. Mpishi alimwonyesha mmojawapo, wowote tu, ili anyamaze. Mtoto akaupapasa ubao huo njia nzima hadi getini, na hapo akazuiliwa.

Na zilivyowaka! Mpishi alisimama mbele ya mdomo wa kuni huku jasho likimtiririka. Uji ulibadilika rangi mbele ya macho yake, kutoka nyekundu ya uchovu kwenda njano, kutoka njano kwenda weupe usiotazamika. Alikuwa hajauona weupe ule tangu ruzuku ilipoondoka. Alifurahi kama mtu aliyerudishiwa ujana, na hilo asingeweza kumficha mtu yeyote.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya chini na sauti ndogo. Wao walitarajia bwana mwenye kitambi na msafara. Huyu alishuka peke yake, akasalimia kila mtu kwa mkono, wakiwemo wafagiaji. Mistari minne ilikuwa ikiunguruma. Chupa zilitoka zikiwa bado na wekundu kiunoni, zikapanga mstari, zikaingia kwenye chumba cha kupozea. Sare zilikuwa safi. Chokaa ya ukutani ilikuwa haijakauka vizuri, na Meneja alikuwa ameshaichota kidogo kwa bega la koti lake.

"Hongereni," alisema Mkaguzi. "Sikutegemea. Mafuta mnapata?"

Meneja alimtazama Mpishi.

"Tunapata," alisema Mpishi.

"Na mishahara?"

"Inaingia."

"Shida yenu kubwa ni nini?"

"Hatuna shida, mheshimiwa. Tupo vizuri."

Mkaguzi hakuondoka hapo. Alisubiri, kama mtu anayejua kwamba jibu la kwanza huwa la adabu. "Niambieni tu. Nimekuja kusikiliza." Akazungusha macho, yakatua kwa Msumari, aliyesimama kando ya makreti mikono nyuma. "Wewe, kaka yangu? Unasemaje?"

Msumari alisogea hatua moja mbele. "Mama, hizi kuni unazoziona—"

Mpishi akacheka kwa nguvu. Akamwendea mdogo wake, akamwekea mkono begani, na vidole vyake vikabana mfupa. "Huyu ni mdogo wangu, mheshimiwa. Usimsikilize. Mzaha ndio chakula chake."

Watu wote wakacheka, kwa kuwa ilikuwa lazima wacheke. Mkaguzi naye akatabasamu kidogo. Msumari akafunga mdomo wake. Kabla mgeni hajaondoka walimpa chupa iliyotoka kupozwa, bado ina joto, imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Ndivyo walivyo watu wa mji ule. Ukiwakuta wamelala njaa, wataapa kwamba wamekula na wameshiba. Mgonjwa ukimuuliza atakwambia hajambo, hata akiwa anaongea na wewe kwa jicho moja. Baina ya majirani hilo si uongo, ni heshima, kwa sababu jirani anajua kulitafsiri. Anasikia hatuna shida, anarudi kwake, na baada ya muda analeta unga uliofunikwa kwa upande wa kanga, akidai ulimzidia. Mji mzima uliishi kwa tafsiri hiyo. Hakuna aliyekumbuka kwamba serikali haijawahi kuishi nao ua mmoja.

Mkaguzi alirudi baada ya mvua. Hakulazimika kurudi. Alikuwa anaelekea ng'ambo ya mto, akaona aibu kupita bila kusimama, na kwa hilo tu alistahili heshima kuliko waliomtuma. Aliukuta mstari mmoja unafanya kazi, tena kwa kukohoa. Wafanyakazi walimzunguka chini ya kengele, na Meneja alikaza tai yake.

"Nimekuja kuwapongeza," alisema, lakini uso wake haukupongeza mtu. "Mmewekwa kundi la kwanza."

Makofi yalilipuka. Mama wa kuosha chupa alipiga kigelegele. Mkaguzi aliinua mkono kuwanyamazisha.

"Kundi la kwanza ni la wanaojitegemea," alisema. "Wasiohitaji msaada. Fedha za mkoa huu zimekwenda ng'ambo."

Ilichukua muda kwa maneno hayo kuingia. Walikuwa bado wana tabasamu usoni, hawajui waliweke wapi.

"Kwenye popo?" aliuliza mtu.

"Kwenye kiwanda kilichokufa, ndiyo. Mpango ni wa kufufua. Na kuna jingine." Aliangalia viatu vyake. "Ile nafuu ya bei ya umeme mnayopata mpaka sasa. Kundi la kwanza haliruhusiwi kuipata."

Meneja alisema kwa sauti nyembamba, "Lakini feni zinazoupuliza moto wa tanuri zinakwenda kwa umeme huo."

"Najua."

"Basi tuzime leo!" alifoka mmoja wa nyuma. "Tuwe maiti kama wenzetu! Tutakuja kufufuliwa."

"Kiwanda kiwe kimefungwa miaka mitatu mfululizo ndipo kinahesabiwa. Na Mpango wenyewe hautadumu miaka mitatu." Mkaguzi alisema hayo polepole, bila hasira. "Niliwauliza. Zile kuni nilizinusa, moto wa mafuta haunuki vile. Lakini siwezi kupeleka makao makuu nilichonusa. Napeleka nilichoonyeshwa na nilichoambiwa." Macho yake yalimtafuta Msumari, yakampata. "Nilimuuliza hata yule kaka."

Hakuna aliyemgeukia Mpishi, na afadhali wangemgeukia. Kila mmoja alijifanya anaangalia kitu kingine, kengele, mlango, mikono yake mwenyewe. Walikuwa wanamheshimu bado. Mpishi alitamani mmoja wao amtukane.

Msumari aliondoka kabla ya mwezi kuisha. Rafiki yake wa Ukandani alikuwa bado ana nafasi, si ile nzuri ya mwanzo, nyingine ya chini yake. Siku ya kuondoka walipita kwenye kiwanja, wote wanne. Mvua ilikuwa imeingia ndani ya kuta na kufanya dimbwi pale palipopaswa kuwa sebule. Binti alivua viatu akalikanyaga. Msumari alilikunja lile turubai lililokuwa likifunika mbao, akampa kaka yake, na hakusema neno la lawama, si siku hiyo wala kabla yake. Hilo lilimchoma Mpishi kuliko moto wowote aliowahi kuulisha.

Shemeji ndiye aliyesema, tena kwa upole. "Shemeji, ungemwacha tu amalize sentensi yake."

Mpishi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuomba msamaha, lakini kinywa chake kilizoea jibu moja tu, na jibu hilo halikufaa hapo.

"Twende wote, Kaka," alisema Msumari. "Tutabanana. Hapa unabaki na nini?"

"Moto utakaa na nani?"

Msumari aliokota begi lake. "Haya," alisema. "Nimekuelewa. Ukiwa hai huo, wewe huendi popote. Siku ukizimika, niambie. Usinifiche, Kaka."

"Sitakuficha."

"Baba Mkubwa, ubao wangu uko wapi?" aliuliza binti, na mama yake akamshika mkono akamvuta.

Umeme ulipopandishwa bei, feni zilizimwa, na watu wakaanza kutawanyika. Meneja aliaga kwa mkono, akaenda kwao na tai yake mfukoni. Mpishi alibaki. Alichoma makreti. Alichoma benchi la kungojea mshahara, na milango ya stoo, na mwisho kitanda chake, akawa analala juu ya turubai la mdogo wake karibu na tanuri. Hakuwa anatengeneza chupa yoyote. Alikuwa anazuia tu. Kila alipochungulia tunduni, uji ulikuwa umerudi nyuma hatua moja, njano, nyekundu, kahawia, na ngozi nzito ikajitanda juu yake.

Asubuhi moja hakukuwa na cha kuchoma. Akakaa mbele ya mdomo wa kuni, mikono magotini. Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Ya pili ilipasua tofali kutoka juu hadi chini. Alikuwa amewaeleza watu sauti hiyo maisha yake yote, kwa kusimuliwa na baba yake, na hakuwahi kuisikia. Alilia kwa sauti kubwa katika ukumbi ule mtupu, na hakujali nani anasikia, maana hakuwepo mtu.

Simu alikuwa nayo. Alisema atampigia Msumari kesho. Kesho ikaja akasema, nimpigie nimwambie nini, nimharibie kazi na yeye? Aliyeahidi hataficha alificha, akaona ni huruma. Siku zikapita. Alikula kwa majirani, na alipoulizwa hali alijibu kama kawaida yake, nao wakatafsiri kama kawaida yao. Lakini majirani wenyewe walikuwa wanapungua, nyumba kwa nyumba, na unga uliofunikwa kwa kanga ukapungua pamoja nao.

Kiangazi kilipoingia, moshi ulionekana ng'ambo ya mto. Mweupe, msafi, wa mafuta ya serikali. Kiwanda pacha kilikuwa kimewashwa, na matofali yake yote yalikuwa mapya. Haukupita muda, malori yakavuka daraja. Uji wa kioo haupikwi vizuri bila vipande vya kioo cha zamani, ambavyo husaidia kuyeyusha haraka na kuokoa mafuta, na wa ng'ambo walisikia kwamba upande huu kuna bonge zima la kioo limelala ndani ya tanuri lililopasuka. Wamiliki wa kiwanda waliwauzia. Wakatafutwa watu wa kulivunja.

Mpishi alienda kujiandikisha. Njaa haina soni. Alipewa nyundo na miwani iliyokwaruzika, akapanda juu ya matofali aliyoyalisha miaka yote, akaanza kupiga. Kioo kilikuwa cha kijani kibichi, kirefu kwenda chini kama kisima. Alijua kila mahali kilipo laini na kila mahali kilipo kigumu, hivyo kazi ilikwenda haraka kwake kuliko kwa wengine. Msimamizi wa ng'ambo alimsifu.

Simu ikaita mfukoni. Alishuka, akasogea hadi ukutani, pale chokaa ya siku ya Mkaguzi ilipokuwa imeanza kubanduka.

"Kaka! Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Sisi hatujambo. Binti anakusalimia, anasoma sasa. Eh, Kaka, nijibu upesi, nipo kazini. Moto vipi?"

Mpishi aligeukia tanuri. Wenzake watatu walikuwa wakitupa vipande ndani ya lori, na vumbi la kioo lilikuwa limetanda.

"Unawaka," alisema.

"Kweli?"

"Mistari miwili. Tunajikongoja hivyo hivyo."

Upande wa pili Msumari akapumua. "Basi nimefurahi, Kaka. Wallahi nimefurahi. Maana nilikuwa na wazo la kipumbavu."

"Wazo gani?"

"Hapa wamejenga tanuri. Wanatafuta mtu anayejua uji kwa macho. Nimewaambia nina kaka. Mshahara mzuri, na chumba wanatoa. Sasa wanataka jibu leo leo, maana kuna mwingine amekaa pale nje anasubiri. Nikasema ngoja kwanza nimuulize, nisije nikamtoa mtu kwenye moto wake ulio hai. Nakujua wewe."

Mpishi alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, umezimika, na lilikuwa tayari, lilikuwa limekaa ulimini. Nyuma yake nyundo ilishuka na kioo kikalia.

"Kelele gani hizo?" aliuliza Msumari.

"Kazi. Tunapakia."

"Ah, vizuri." Msumari alicheka, kile kicheko chake cha zamani. "Basi nitawaambia wampe huyo mwingine?"

Mpishi aliegemea ukuta. Chokaa ilimshika begani. "Mpeni."

"Kaka." Msumari alisubiri kidogo, kama alivyosubiri yule mama wa viatu vya chini. "Una hakika? Huna shida kabisa?"

"Hatuna shida, mdogo wangu," alisema Mpishi. "Tupo vizuri. Nisalimie Shemeji."

Simu ikakatika. Alikaa nayo mkononi, akisubiri iite tena, na haikuita. Msimamizi alimwita kutoka juu, lori lilikuwa halijajaa. Mpishi akaivaa miwani, akapanda, akaiinua nyundo. Msimamizi akamwambia apige taratibu, vipande vikubwa ndivyo vinavyofaa kwa moto wao.